Miaka 14 kaunta ya baa, mikono inataka spana

BARUA

Mama, asalaam alaykum.

Mie ni kijana wa Tumbe, Pemba, ingawa kwa miaka yangu 37 sijui kama hilo neno kijana bado ni halali yangu. Nafanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, huu mwaka wa 14. Niliingia nikiwa mfua mashuka, nikawa mhudumu wa chakula, na sasa ni supavaiza wa baa. Ndiyo, baa. Mpemba, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nasimamia ulevi. Najua ukifika hapa umeshavuta pumzi. Kila ninayemwambia huvuta.

Mshahara wangu ni Sh 520,000. Kaskazi ikiwa nzuri, sevisi chaji huongeza kama laki mbili. Tipu hazina hesabu, siku nyengine dola mbili, siku nyengine ishirini, siku nyengine “asante sana” kwa Kiswahili kibovu. Masika hoteli hupunguza watu. Mie hupewa likizo ya nusu mshahara, na wengi katika wenzangu hurudi kwao mikono mitupu mpaka waitwe tena.

Fedha hiyo inakwenda hivi. Mamaangu nampelekea laki moja kila mwezi, ana miaka 72. Mdogo wangu yuko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) mwaka wa pili, ada na chakula ni juu yangu. Dada yangu aliachwa na watoto watatu, mchele na mafuta yake ni mie. Nyumba niliyoanza kujenga Tumbe imefika lenta na imesimama hapo mwaka wa tatu sasa. Mke wangu na watoto wetu wawili wanakaa kwa mama, na mke analima mwani kidogo. Nawaona kila baada ya miezi mitatu, siku tano.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 2020, korona ilipoingia na ndege za wageni zikakatika, hoteli ilifungwa, nikarudi kwetu miezi mitano. Ami yangu ana boti ya faiba, na mashine yake, Yamaha 40, ilikuwa imelala. Fundi aliyekuwa akiijua yuko Tanga, na safari hazikuwapo. Nikaifungua mwenyewe kwa ujinga wangu, simu mkono mmoja naangalia video, spana mkono wa pili. Siku nne. Kabureta ilikuwa imeziba chumvi, na impela ya pampu ya maji imekatika mbawa. Ilipowaka, Mama, sijui nikwambieje. Sijawahi kupewa tipu ikanifurahisha vile.

Hapa hotelini pana kituo cha wazamiaji, wageni wanaopiga mbizi, chenye boti nne. Tokea niliporudi kazini, kila siku yangu ya mapumziko nashinda na fundi wao, kijana wa miaka 24. Yeye ndiye anayenifundisha. Nimeshanunua kifuko changu cha spana, kiko chini ya kitanda kwenye bweni la wafanyakazi.

Nataka kuacha kazi, nirudi Tumbe, nifungue karakana ya mashine za boti. Mwaka wa tano sasa nataka. Kila kaskazi nasema hii ndiyo ya mwisho.

Nilimwambia ami, akanijibu kwa kifupi: usiache mbachao kwa msala upitao. Nilimwambia mamaangu, akalia. Nikadhani analia kwa furaha kwamba mwanawe anaacha baa, kumbe anafikiria ada ya mdogo wangu. Yupo mzee mmoja wa msikitini kwetu, kila nikifika hunikumbusha kuwa chumo langu lina shubha, na wiki hiyo hiyo hunipitishia daftari la mchango wa simenti. Wenzangu hotelini wanacheka: supavaiza mzima, uende kuwa mwanafunzi wa mtoto? Na baraza za Tumbe nazijua, nitakapopita na begi langu watasema “kashindwa Unguja”.

Nikiacha, watu watakula nini? Nisipoacha, nitazeekea kaunta nikipangusa glasi. Nakosea wapi?

Supavaiza, pwani ya mashariki


JAWABU

Waalaykumu salaam, mwanangu. Sikuvuta pumzi. Nina watoto wa ndugu zangu wawili katika kazi hizo hizo, na nimeshakula harusi zao.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu, nikawa nahesabu watu. Yumo ami, yumo mama, yumo mdogo wako, dada na wanawe, mzee wa daftari, kijana fundi, wenzako wa hotelini na baraza zote za Tumbe. Kila mmoja ametoa lake, hata wasioulizwa. Mkeo ana sentensi moja, na humo ndani umempa nafasi ya kulima mwani “kidogo”. Anasemaje yeye? Sijui, na nina wasiwasi kuwa hata wewe hujui. Hapo nitarudi.

Kwanza hiyo baa. Mie si mufti, na suala la halali na haramu ya chumo lina wenyewe, nenda Ofisi ya Mufti au kwa sheikh unayemuamini, ukae naye chini, usilichukue jawabu barazani wala kwangu. Lakini nikuulize swali moja la kidunia. Meneja wako akikuita kesho akakwambia kuanzia mwezi ujao uko mapokezi, mshahara ule ule, chupa hutoigusa tena, utabaki? Jibu kimoyomoyo. Mie nahisi hutobaki, au utabaki ukiwa na kinyongo kile kile, kwa sababu ya yale maneno uliyoyasema ilipowaka Yamaha ya ami yako. Mtu anayekimbia baa haandiki hivyo kuhusu impela.

Nasema hivi kwa kuwa nimepokea barua nyingi za watu wanaotaka kubadilisha kazi, na sababu iliyoandikwa juu kabisa mara nyingi ndiyo inayoheshimika, siyo inayowasukuma. Ukikaa barazani ukasema “naacha ulevi”, utaombewa dua. Ukisema “napenda kufungua mashine”, watakuona umerudi utotoni. Basi umeitanguliza dini ikubebee. Hatari yake ni kuwa ukienda Tumbe kwa jina la kukimbia haramu, kisha karakana ikasuasua, utaona haya kurudi hata katika hoteli isiyouza ulevi kabisa, nazo zipo Unguja. Utakuwa umejifungia mlango kwa sababu ambayo haikuwa yako hasa. Ukitaka kwenda, nenda kwa sababu unaipenda kazi ile. Inatosha.

Ami yako amekutupia methali nzito, na methali hiyo imewazuia watu wengi zaidi ya mkopo wa benki. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa lakini ni wako, na msala ni ule mzuri uliouona unapita kwapani mwa mtu. Sawa. Ila mbacha ni upi hapo? Babu yako Mpemba mbacha wake ulikuwa mkarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tokea hapo kisiwa chenu ndicho kilichobeba jina la karafuu. Ikafika miaka ya 1980, Indonesia, waliokuwa wakinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao za kretek, wakawa wanavuna za kwao za kuwatosha, bei ikaporomoka. Watu wakafanyaje? Biashara ilipofunguliwa 1984, wengine wakashika mizigo. Wengine wakaenda Uarabuni. Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, huku Paje na Jambiani, wanawake wakaingia majini. Kisha zikaja hoteli. Hapakuwa na mtu aliyewaambia kuwa wanabadilisha fani, waliambiwa wanatafuta riziki, na hakuna baraza iliyowacheka. Kwa macho ya babu yako, hoteli unayofanyia kazi ndiyo msala uliokuwa ukipita. Na 2020 ukapita kweli, ukakuacha umekaa chini na simu na spana.

Usije ukamsomea ami yako haya kwa kiburi. Anakupenda, na pengine anaogopa pia kuwa ukirudi ufundi wa boti yake utakuwa na bei.

Naona umecheka. Lakini hilo si la kucheka, na ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi, kwa sababu umeandika kurasa mbili juu ya kuacha na mistari miwili juu ya kuanza. Karakana Tumbe. Tumbe nalijua, diko lile, bandari yenu ya wavuvi, lina mnada wa samaki wa kila siku na vyombo vinavyotoka mbali. Boti za faiba zimeongezeka Pemba, na serikali yenyewe imegawa nyengine kwa wavuvi na wakulima wa mwani katika mambo haya ya uchumi wa buluu. Mashine zipo, na mashine inayonywa maji ya chumvi na mchanga wa pwani lazima iharibike. Kazi haitokosekana. Nina wasiwasi na malipo.

Mvuvi hana mshahara wa tarehe 25. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa kiza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa zao hazifui dafu na vyombo hulala. Kwa hiyo kipato chako kitafuata mwezi wa mbinguni, siyo wa kalenda ya ukutani. Kuna siku kumi utafanya kazi mpaka usiku, na siku kumi utakaa kwenye kigogo unapangusa spana. Wapo watakaokwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, na deni lako litakwenda dago pamoja nao. Umezoea miaka 14 kuwa mwisho wa mwezi kitu kinaingia, hata kikiwa nusu. Mkeo na mamaako wamezoea pia. Hilo ndilo badiliko lenyewe hasa, kubwa kuliko kutoka glasi kwenda grisi.

Jengine ni undugu. Tumbe nusu ya diko ni ami zako na nusu iliyobaki ni wakwe. Atakuja mmoja asubuhi: mwanangu hebu nitazamie tu, inazima zima. Utatazama saa tatu, utabadilisha plagi mbili za kwako, na atakushika bega akuombee kheri. Utamdaije? Niliwahi kuongea na fundi wa redio wa zamani, yeye alifanya hivi: spea kwa fedha taslimu, mkononi, kabla hajafungua skrubu hata moja, awe baba au mjomba. Ufundi ndio uliokuwa ukikopeshwa. Akidhulumiwa, alidhulumiwa jasho, hakudhulumiwa mtaji. Na alikuwa na daftari, limening'inia kwa uzi ukutani pahala kila mteja analiona. Wewe unaweza pia kuanzia Wesha au Mkoani, ukawa mgeni kidogo. Mgeni hulipwa. Fikiria hilo, japo najua moyo wako uko Tumbe na nyumba yako iko lenta huko. Tofali hazili chakula, mwanangu, wacha zisubiri.

Sasa “watu watakula nini”. Hiki ndicho kinachowashika wengi, na hukiita woga. Mie sikiiti woga. Ni watu tisa wamekaa kwenye mshahara mmoja, na hakuna aliyewahi kuambiwa kuwa una ncha. Umewalea hivyo wewe mwenyewe kwa kutuma fedha bila ya neno. Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tuwapitie mmoja mmoja.

Mdogo wako wa SUZA: ameshawahi kuomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar? Hukusema. Vijana wengi wenye kaka hotelini hawaombi, kwa nini waombe na kaka yupo. Mwaka wa pili hajachelewa kwenda kuuliza. Akikataliwa, basi amekataliwa, lakini aende yeye kwa miguu yake.

Mamaako ana miaka 72. Pencheni jamii ya serikali ilianza mwaka 2016 kwa kila mzee aliyetimiza 70, awe amefanya kazi ya serikali au hakufanya. Ilikuwa Sh 20,000 kwa mwezi, na imeshapandishwa tangu hapo. Kasajiliwa? Mwambie mkeo aende naye kwa sheha. Haifiki laki yako, lakini itaingia hata mwezi wa mbalamwezi.

Dada yako ana watoto watatu, nao wana baba. Kama yu hai, matunzo ni yake kwa sheria na kwa dini, na Mahkama za Kadhi zipo Pemba kama zilivyo Unguja. Najua ni jambo zito, familia haitaki kuonekana inadai. Ila wewe unadaiwa kimya kimya kila mwezi kwa deni la mwanamume mwengine, na yule mzee wa daftari sijamsikia akilisemea hilo.

Na wewe mwenyewe. Nenda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) na kadi yako uombe taarifa ya michango yako, uone kama mwajiri ameipeleka miaka yote 14. Fanya hivyo ungali kazini, siyo ukishatoka, kwani ukishatoka utakuwa unapiga simu kutoka Pemba. ZSSF wana pia mpango wa hiari kwa waliojiajiri, fundi na mvuvi wakiwamo, uulizie unavyoweza kuendelea huko. Mkataba wako usome kipengele cha kuacha kazi, unatakiwa utoe taarifa ya muda gani na unastahiki nini ukimaliza mkataba badala ya kuukata katikati. Huwa kuna tofauti kubwa ya fedha hapo. Na usisikilize ushauri wa sheria kutoka kwa rafiki wa Dar es Salaam, Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, namba 11 ya mwaka 2005, na Kamisheni ya Kazi yake. Ukitoka, toka na barua inayosema ulifanya nini na kwa miaka mingapi. Toka vizuri na watu, usitukane mtu siku ya mwisho, hata yule unayetamani kumtukana.

Lakini mie sikwambii utoke sasa. Nakushangaa kwa jambo moja. Umeandika kwa mkono wako kuwa hoteli yenu ina kituo cha wazamiaji, kina boti nne, na fundi mmoja wa miaka 24. Miaka yote hii hukuwahi kumwendea meneja ukamwambia nihamishieni huko? Wengi wanadhani kubadilisha kazi lazima ubadilishe na geti unaloingilia. Huenda mshahara ukapungua kidogo, na usupavaiza utakwenda. Lakini utafunzwa kwa spea za mwengine, sevisi chaji ikiingia, na mwaka mmoja wa mashine nne zinazotoka baharini kila siku utakufundisha kuliko siku 52 za mapumziko. Kama kituo ni cha mwekezaji mwengine, basi ni kazi mpya mlango wa pili. Kaulize. Kibaya zaidi utaambiwa hapana, nawe hapana umeshajiambia mwenyewe mara tano.

Ukitaka cheti, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina kituo Vitongoji, pale Chake. Uliza kozi zao za ufundi wa mashine na umeme, hata za muda mfupi. Mvuvi haulizi cheti, lakini hoteli na miradi huuliza, na ukitaka tenda ya kutengeneza boti za kikundi utaombwa karatasi.

Kuhusu kuwa mwanafunzi wa kijana, nikupe yangu kidogo. Mie nilikuwa karani wa kupiga chapa, miaka 19, taipureta yangu naijua kama vidole vyangu. Kompyuta zilipoingia ofisini nikaona maandishi ukutani, nikaacha, nikajifunza kushona. Aliyenifundisha kukata kola alikuwa binti wa miaka 20, mwembamba, hana subira. Alinipiga rula ya mkono, mie mama wa watoto wanne! Nililia chooni. Wiki ya tatu kola yangu ilikaa, akaishika, akaigeuza, akasema “hii sawa”, na sifa hiyo naikumbuka kuliko barua zote za pongezi nilizopata serikalini. Aibu ile ilidumu wiki tatu. Wewe yako umeshaimaliza, kwani unashinda na kijana huyo kila wiki. Kilichobaki ni wenzako kujua, na wenzako hao masika watakuwa makwao wakisubiri simu.

Masika. Hiyo ndiyo nafasi yako, na Mungu anakupa kila mwaka wewe unalala. Una likizo ya nusu mshahara, Aprili na Mei. Nenda Tumbe na kifuko chako, usifungue karakana, usichore bango, kaa chini ya mti wa mkungu wa diko ufanye kazi. Ni wakati mbaya, mvua, upepo wa kusi unaanza, vyombo vingi viko juu. Bora hivyo. Wengine hutumia msimu huo huo kutengeneza, na wewe utaliona soko katika sura yake mbaya kwanza. Andika kila mashine: ya nani, imeugua nini, saa ngapi, umelipwa ngapi, umeahidiwa ngapi. Safu hizo mbili za mwisho usizichanganye hata siku moja. Na muda huo wote ishini kwa nusu mshahara pamoja na hicho unachokipata diko, hata kama una akiba benki. Ukirudi Juni utakuwa na namba za kwako mwenyewe, na ami yako atakuwa na methali tu.

Ukiona inakwenda, rudia masika ya pili, ukiwa na mwaka mmoja wa kituo cha boti nyuma yako na mtaji wa spea. Ukiona haiendi, umepoteza nini? Utakuwa fundi wa boti wa hoteli badala ya supavaiza wa baa, na hilo peke yake lingekufaa. Baraza zitasema tu. Wanaosema “kashindwa Unguja” mashine zao zitazima kama za wengine, watakuja.

Nilisema nitarudi kwa mkeo. Unajua bei ya kila kokteli kwa dola na kwa shilingi. Unajua mkeo anapata ngapi kwa bamvua moja, zile siku za maji makubwa? Unaandika “kidogo” kwa kuwa ni kidogo kwako. Yule anaamka na maji ya kupwa, anasimama baharini kiunoni, anafunga miche kwenye kamba, anarudi macho mekundu kwa chumvi, anaanika, na bei anapangiwa. Wanawake wa mwani wameona maji yakipata joto na ile aina yenye bei nzuri, cottonii, ikiwafia mikononi, wakabaki na ya bei ndogo. Wapo walioamua kutoka hapo, wanasaga unga wa mwani, wanatengeneza sabuni na mafuta. Yeye anatakaje? Huenda anakungoja urudi. Huenda anaogopa urudi, kwa kuwa miaka yote hii nyumba ameiendesha peke yake na mamaako, na wewe unamjia siku tano kama mgeni wa kukirimiwa. Huenda naye ana kifuko chake cha spana chini ya kitanda, na hujawahi kumuuliza. Wewe umewauliza wazee, mabaraza na mie nisiyekujua, kabla ya mtu ambaye atakuwa anakula nawe mwezi wa mbalamwezi.

Mpigie leo, watoto wakishalala. Usianze na mashine. Muulize bamvua hii mwani umekaukaje na hii mvua ya ghafla, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.